Droo ya ofisini inasumbua? Anza sakafuni na nyuma yake, kitasa kiache kwanza

Kabla hujashika bisibisi nenda kwenye kabati lako la mafaili, lile la chuma la droo 4. Simama ubavuni, mkono mmoja uweke juu ya kabati, vuta droo ya juu mpaka mwisho uiache wazi, halafu jaribu kuvuta ya pili kidogo tu, vidole vitatu hivi. Ikigoma kabisa kama imepigiliwa msumari basi iko salama, hiyo ndo kazi yake, usiilazimishe. Ila ikikubali kutoka rudisha zote mbili taratibu na usome mpaka chini, maana unakaa ofisi moja na mzigo ambao siku yoyote unaweza kukulalia.

Mi ni fundi samani hapa Dodoma. Nilianza na vitanda na makabati ya nguo, ila tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 kazi zimegeuka, sasa hivi wiki nzima naweza nisiguse kitanda hata kimoja, ni meza za ofisi na droo zake tu, Mtumba, Area D, Kisasa, huko kote. Na simu karibu zote zinaanza hivi hivi, "Fundi njoo na kitasa kipya, hiki kimekufa." Nikifika nakuta kitasa kizima. Tatizo liko sakafuni, au liko nyuma ya droo ambako hakuna mtu anainama kuangalia. Wazee waliiita droo mtoto wa meza na kwa kweli ndo ilivyo, mtoto akilia unampapasa tumbo, humzibi mdomo.

Nikupe kisa kimoja. Kuna ofisi niliitwa kurekebisha kiti tu, kiti cha kuzunguka kilikuwa kinashuka chenyewe. Niko chini nahangaika na kiti nasikia "fundi! fundi!" sauti ya dada wa masijala, nakimbia chumba cha pili namkuta kalikumbatia kabati, droo tatu ziko nje zote, kabati limeinama mbele na yeye amelizuia kwa kifua, miguu inateleza kwenye tailizi. Alikuwa anatafuta faili, kafungua ya kwanza halimo, kaiacha wazi, ya pili halimo, kaiacha, ya tatu ndo kabati likasema basi. Tulilisukuma wawili likarudi, hakuumia, mkono tu ulichubuka. Nikazunguka nyuma na tochi ya simu kuangalia kwa nini droo tatu zimekubali kutoka kwa mpigo, nikakuta ile fimbo ya kuzuia haipo, imechomolewa, matundu yake ya skrubu matupu. Nikauliza, nikaambiwa kuna mtu alishawahi kuitoa "kwa sababu droo zilikuwa zinagoma." Sasa unaona.

Hesabu yenyewe ya uzito ni rahisi. Rimu moja ya karatasi A4 za gramu 80, zile karatasi 500, ina kilo 2 na nusu na unene wa kama sentimita 5. Droo ya mafaili yenye kina cha sentimita 60 ukiijaza kisawasawa ni kama umepanga rimu 12 humo, yaani kilo 30. Toa hewa na majalada sema kilo 25. Droo tatu zikiwa nje ni kilo 75 zinaning'inia mbele ya miguu ya kabati, na kabati lenyewe tupu la chuma halifiki huko mara nyingi. Lazima liiname, hapo hamna uchawi. Na usidhani ni mambo ya ofisini tu, mwaka 2016 huko Marekani IKEA, kampuni kubwa ya samani, waliyaondoa sokoni makabati ya droo za nguo karibu milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa, na baadaye Marekani wakatunga sheria kabisa ya makabati ya nguo kutoanguka, inafanya kazi tangu Septemba 2023. Ofisini hamna watoto wa kupanda droo ila kuna karatasi, na karatasi ni nzito kuliko nguo mara nyingi tu.

Ile fimbo sasa

Mafundi tunaiita interloki. Ni kitu cha kipumbavu kabisa ukikiona, ubavuni ndani ya kabati au nyuma kuna fimbo ya chuma imesimama wima, na kila droo ina kijino chake cha plastiki au chuma kinachogusa hiyo fimbo. Ukivuta droo moja kile kijino kinasukuma fimbo, inapanda au inazunguka kidogo kutegemea na aina, na ikishasogea inakuwa imeziba njia ya vijino vya droo nyingine zote. Ukirudisha droo mpaka mwisho fimbo inarudi, njia inafunguka. Kwa hiyo droo moja tu inatoka kwa wakati mmoja. Kitasa cha juu nacho kwenye makabati mengi kinatumia fimbo hiyohiyo, ukizungusha funguo unaisogeza fimbo izibe droo zote kwa pamoja, ndo maana interloki ikikwama watu wanamlaumu kitasa.

Ikikwama inakuwaje? Droo zote zimefungwa, kitasa kimefunguliwa, na hakuna inayotoka. Hii inatokea sana mtu akibamiza droo, au droo moja ikawa haijaingia mpaka mwisho, imebaki nje hata unene wa kidole, fimbo inaamini droo hiyo bado iko wazi. Fanya hivi: pita droo moja moja kuanzia chini, isukume ndani kwa kiganja, siyo kofi, ni msukumo wa taratibu wa kukandamiza mpaka usikie imekaa. Halafu zungusha funguo kufunga na kufungua mara mbili tatu huku mwenzako anagonga ubavu wa kabati kwa ngumi nyepesi usawa wa fimbo. Nane kwa kumi inaachia, kwa uzoefu wangu. Ikigoma usilete nondo, ukishaikunja mbele ya droo haitafunga vizuri tena maisha yake yote, sogeza kabati utoke nalo ukutani, fungua bamba la nyuma kama lina skrubu, utaiona fimbo na utaisukuma kwa mkono.

Na ukishaifungua usiseme "ngoja nikitoe hiki kidude kisinisumbue tena." Rudia kisa cha dada wa masijala.

Sakafu

Hapa ndo napata hela za bure kabisa. Droo inayojifungua yenyewe, droo inayojirudisha ikakubana vidole, droo inayofunga upande mmoja na upande mwingine umebaki nje, zote tatu mara nyingi ni kabati limekaa vibaya sakafuni. Ofisi nyingi huku tailizi zimelazwa haraka haraka, kuna mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, na kabati likiwekwa hapo linaegemea mbele bila mtu kuona kwa macho.

Weka pima maji juu ya kabati, mara ya kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka mbele kwenda nyuma. Huna pima maji? Chukua chupa ya maji ya kunywa, acha nusu, funga kizibo, ilaze juu ya kabati uangalie maji yamekaaje ndani, utaelewa. Au weka gololi moja ndani ya droo iliyo wazi nusu na tupu, ikikimbilia mbele umepata jibu. Makabati mengi yana miguu ya kuzungusha kwa chini, mingine unaizungushia kwa ndani ukitoa droo ya mwisho, tumia spana au bisibisi, inua ya mbele mpaka povu la pima maji likae kati, au kabati liegemee nyuma kidogo sana, yaani povu lisogee mbele kidogo. Kidogo sana nimesema, mtu mmoja aliweka vipande vya mbao vya unene wa vidole viwili mbele, kabati likalala ukutani, droo zikawa nzito kuvuta kama unachota maji kisimani.

Kama kabati halina miguu ya kuzungusha weka kipande cha plastiki ngumu au bati nene, usiweke karatasi iliyokunjwa, dada wa usafi akideki mara tatu imekuwa uji. Na hapohapo kwenye kudeki, makabati ya MDF na chipbodi, zile bodi za unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa, yanakufa kuanzia chini, maji yanaingia kwenye ukingo, bodi inavimba, droo ya mwisho inaanza kusugua. Ukiona imeshavimba hairudi, unachoweza ni kuinyanyua kwenye vimiguu vya plastiki ili yasiendelee.

Kama kabati ni refu na halina interloki, au interloki imekufa na spea haipatikani, lifunge ukutani. Ukuta wa tofali au bloku hamna shida, drili, fisha za plastiki za kushika skrubu ukutani, skrubu ndefu mbili kwenye bamba la nyuma usawa wa juu, na kila skrubu iwe na washa pana, kile kiduara cha bati chenye tundu. Ila ofisi mpya nyingi zina kuta za jipsamu, hapo skrubu ya kawaida inashika unga mtupu, ukivuta kabati linatoka na kipande cha ukuta. Gonga usikie palipo na nguzo ya chuma ndani ya jipsamu ufunge hapo, au kama makabati yako mawili au matatu yapange pamoja uyafunge bolti ubavu kwa ubavu, yakishikana yanakuwa na kitako kipana. Na kabla hujatoboa chochote cha serikali mwambie afisa ugavi, kile kina namba ya mali, usije ukaandikiwa barua kwa sababu ya skrubu mbili.

Mafaili mazito yaweke droo za chini. Hiyo haihitaji fundi.

Vile vikabati vidogo vya magurudumu vya chini ya meza navyo vinaanguka, tena vyepesi. Ukikiinamisha utaona vingi vina gurudumu la tano limefungwa chini ya droo ya mwisho, ile ya mafaili, ukiivuta gurudumu linatoka nayo linashika sakafu. Vingine vina chuma kizito kimefungwa nyuma kwa ndani. Watu wanakitoa hicho chuma wanaona "kinaongeza uzito bure." Na kile kigurudumu kikipotea watu hawajali. Kirudishe, saizi yoyote inayofika chini bila kuinua droo.

Reli na namna droo inavyojifunga

Sasa reli, wengine mnaita chaneli. Droo nyingi za meza za sasa zinatembea kwenye reli za gololi, bapa, upana wa milimita 45, nyingi zimeandikwa kubeba kilo 35 mpaka 45 kwa jozi ingawa za bei ya chini sana mi siziamini hata kilo 20. Zina tabia tatu. Kuna za kawaida, mwisho kuna kipira au kiplastiki kinachobana kidogo ili droo isijifungue. Kuna za springi, ukisukuma inajivuta yenyewe ndani, nazo zinabamiza. Na kuna zile za kujifunga taratibu, sofklozi, hizo zina springi ya kuvuta pamoja na dampa, kibomba kidogo chenye mafuta ndani kinachopunguza kasi sentimita chache za mwisho ili droo iingie kama inalala. Ofisini chukua hizi za mwisho kama hela ipo, siyo kwa ajili ya ustaarabu, ni kwa sababu droo isiyobamiza haivurugi interloki, haifungui skrubu, na haikati vidole.

Vumbi la Dodoma ndo adui mkubwa hapa. Kiangazi upepo ukianza, vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, linakutana na grisi ya reli, vinakuwa ugali mweusi. Droo inaanza kulia, mtu anatafuta mafuta. Nimekuta mafuta ya alizeti! Kweli, mtu katoka kununua dumu lake, kaona atie kidogo kwenye reli. Wiki mbili iliteleza kama samaki, baada ya hapo mafuta yakaganda yakawa gundi ya njano na vumbi lote la mtaa limenasa humo, nilitumia asubuhi nzima kukwangua. Mafuta ya kupikia usiweke, ya injini usiweke. Futa reli kwa kitambaa kikavu, brashi ya meno ya zamani kwenye kona, ugali ukiwa mgumu lowesha kitambaa na mafuta ya taa kidogo na ukaushe, halafu paka grisi nyepesi nyeupe au silikoni ya kupuliza, kidogo kama unampaka mtoto mafuta usoni. Droo ya mbao juu ya mbao, zile za mninga za zamani, sugua mshumaa au sabuni ya mche iliyokauka, basi.

Ili usafishe vizuri itabidi utoe droo. Ivute mpaka mwisho, ndani ya kila reli utaona kiulimi cheusi cha plastiki, kimoja kinasukumwa juu na cha upande wa pili chini, visukume kwa pamoja uvute. Kurudisha ndo watu wanaharibu. Ndani ya reli iliyobaki kwenye kabati kuna kile kichana kinachoshika gololi, kinatembea. Kabla hujaingiza droo kivute kije mbele kabisa pande zote mbili. Ukikiacha nyuma, ule ulimi wa droo unaingia bila kukaa kwenye gololi zake, ukisukuma kwa nguvu unakisukuma kichana kikiwa kimepinda, utasikia "krrr," halafu gololi moja inadondoka sakafuni, nyingine, nyingine, zinakimbilia chini ya meza. Reli hiyo imeisha, nenda kanunue. Ukisikia ugumu toa anza upya, isukume sawasawa kushoto na kulia kwa mikono miwili.

Sofklozi ikiacha kuvuta, droo inagota na kurudi nje, usinunue mpya haraka. Chungulia kwenye reli ya kabati kwa ndani, kuna kindoano cha plastiki kinachoshika pini ya droo, kimejifyatua kabla ya wakati kikaenda nyuma. Kivute mbele kwa ncha ya bisibisi bapa mpaka kisikike "tik" na kukaa, angalia kidole springi yake ina hasira, halafu rudisha droo.

Ukinunua reli pima urefu ya zamani ikiwa imefungwa, zinakwenda kwa milimita 50, yaani 350, 400, 450 na kuendelea. Upande kwa upande inataka nafasi ya nusu inchi, milimita 12.7, kwa hiyo boksi la droo linatakiwa liwe jembamba kuliko nafasi yake kwa inchi moja. Seremala akikubana hapo droo haitafunga hata uipake asali. Na kama unanunua makabati mapya kwa ajili ya ofisi nzima muulize muuzaji yamepimwa kwa kiwango gani, BIFMA X5.9 ya Marekani au EN 16121 ya Ulaya vinagusa mambo haya ya kabati kusimama droo zikiwa wazi. Akikujibu "ni original bosi," fanya lile jaribio la mwanzo hapohapo dukani.

Kidude cha nyuma

Droo inayobaki nje vidole viwili na reli zake nzima, karibu kila mara kuna kitu nyuma. Jalada limeruka ukuta wa nyuma wa droo likadondoka kati. Itoe droo yote uangalie, usisukume kwa goti. Niliwahi kutoa hati ya malipo iliyokunjwa kama kitumbua nyuma ya droo ya mhasibu, mama wa watu alipoiona akakaa chini kwanza, alikuwa ameitafuta mwezi mzima na kuandika maelezo juu. Kitasa kipya alichokuwa ameninunulia nikamrudishia.

Kitasa chenyewe kikiwa kigumu kweli, usitie mafuta, vumbi tena. Kwangua risasi ya penseli iwe unga, paka kwenye meno ya funguo, ingiza toa ingiza toa. Kama kinazunguka bure angalia nyuma yake, kile kiulimi cha chuma kimeshikwa na skrubu au nati moja, imelegea tu, hasa kwa samani zilizosafirishwa na lori kutoka Dar, kilomita 450 hivi za kutikisika. Funguo ikipotea soma namba ndogo iliyochongwa usoni kwenye kitasa, mara nyingi unaweza kuagiza funguo ya namba hiyo bila kubomoa. Ila hiyo inamaanisha pia kabati la ofisi ya jirani la kampuni ileile lenye namba ileile linafunguliwa na funguo yako, nimeshaona, mzee wa ofisi ya pili alikuwa anakuja kuchukua sukari ya chai kwa funguo zake mwenyewe. Hela na mihuri weka kwenye sefu, na namba hiyo usiipige picha ukaituma kwenye grupu la ofisi kuuliza nani ana funguo.